Mzee Uthmani Alimuwahi Njiwa Wangu

Msomaji mmoja kutoka Buraza ameniandikia kwamba amechoka na mimi. Anasema njiwa ni kitoweo, na mtu mzima mwenye mke na mtoto hana haki ya kulia gazetini kila wiki kwa ajili ya kitoweo.

Sawa. Aruke ukurasa huu asome mpira. Mimi nina yangu moyoni na nisipoyatoa yatanipasua.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: naitwa Hamadi, fundi wa viti na magodoro hapa Gitega, Burundi, mtaa wa Waswahili. Mwaka jana nilikwenda Muyinga kutafuta sponji, nikamkuta njiwa sokoni amefungwa kamba mguuni. Mweupe, mkia mweusi, miguu imevaa manyoya mpaka kwenye kucha. Alikuwa anauzwa kwa ajili ya sufuria. Nilimchukua kwa huruma tu.

Nilimfungia mpaka akazoea nyumba, kisha nikamwachia aruke. Akapanda juu wima, mabawa yanalia kama mtu anayepiga makofi. Kisha akajibinua, kichwa chini miguu juu, akajibinua tena, akashuka anajiviringisha hewani kama mpira. Nilikaa chini vumbini na suruali yangu safi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona kitu kama kile.

Nikamwita Sultani.

Tangu hapo namtafutia jike wa aina yake, na mikosi yangu yote imetoka huko. Mnajua nilivyouziwa jike wa kienyeji aliyepakwa rangi, mvua ikaja ikatoa siri. Mnajua mwewe alivyomchukua yule wa pili mbele ya macho yangu. Na wiki iliyopita niliwaacha pale Muyinga, mlangoni kwa bwana anayeitwa Gervasi, mwenye njiwa wale wale hasa, aliponitazama akasema: "Sina njiwa wa kuuza."

Nilidhani amenifukuza. Kumbe alikuwa anaanza kueleza.

Gervasi amekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na kabla ya kurudi nyumbani alikuwa mpishi wa Waturuki waliokuwa wanajenga reli huko. Fundi wao mkubwa, ambaye yeye anamwita Usta tu, alikuwa na banda la njiwa nyuma ya kontena alimolala. Njiwa wa michezo, kwao wanawaita takla. Usta aliporudi kwao alimwachia Gervasi wale ndege kwa sharti moja: asiwauze kamwe. Ampe tu mtu atakayewarusha, na asimpe kabla ya kuona kwa macho yake.

Sultani wangu, kumbe, alikuwa kinda lake lililopotea likiwa bado na manyoya ya njano kichwani. Hakumdai. Alisema ndege amekwisha chagua nyumba.

"Ila jike nitakuletea Gitega mimi mwenyewe," akaniambia. "Nikimwona Sultani anapanda na kupinduka, jike ni wako. Nisipoona, ninarudi naye. Kuna mtu wa mji wa Ngozi anamsubiri, na yeye ndege wake nimekwisha waona."

Nikakubali. Ningekataa vipi? Nilitaka jambo moja tu hapa duniani: kuona makinda ya Sultani yakipinduka juu ya mtaa wetu. Sikuwa naomba utajiri. Nilikuwa naomba jike.

Basi, alikuja.

Mafuta hakuna, magari hakuna, watu wanalala kwenye foleni za stesheni, lakini Gervasi alipata kiti kwenye Probox iliyobeba watu kama viazi, akaja kutoka Muyinga amepakata kikapu. Ndani ya kikapu yupo yule jike, mweupe mzima, na miguu yake imevaa manyoya.

Mke wangu Raissa alimpokea mgeni, akamtolea soda, akachungulia kikapuni.

"Yoo, ni muzuri! Baba Nadia, huyu ni muzuri kuliko ule Sultani yako."

Nadia ni binti yetu. Raissa ananiita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika ananiita Hamadi.

Gervasi aliomba kumwona Sultani kwanza akiwa bandani. Akamtoa, akamgeuza, akampapasa kifua, akamtazama shingo.

"Bwana Hamadi, una hakika huyu ni dume?"

Nilihisi kama amenitukania mtoto.

"Ndugu Gervasi, umusikilize mwenyewe!"

Na kweli Sultani aliporudishwa bandani alivimbisha shingo, akanguruma, akazunguka anaburuza mkia kama bwana harusi.

"Kuna majike wanafanya hivyo," akasema Gervasi. "Usta alikuwa naye mmoja. Tulidanganyika mpaka siku alipotaga."

"Huyu hapana. Huyu ni dume ya kweli. Kila siku iko inapigana na dume moja ya kijivu inatoka pa bati ya msikiti. Inamukimbiza, inamupanda mugongoni, wanapigana pale juu. Mi namufukuza na mawe."

"Nani anampanda nani?"

"Wanapigana, ndugu! Mutu anaangalia nani iko juu?"

Gervasi akarudia soda yake. Yeye ni mpole, na alikuwa mgeni kwangu.

Nikamfungulia Sultani. Mtaa ulikuwa umeshajua, watu wamejipanga kando ya ukuta. Nikatikisa kopo la mtama kidogo kumwamsha, nikapunga kitambaa.

Sultani akaruka mpaka kwenye bati la nyumba yangu. Akakaa.

Nikapunga tena. Akajikuna shingo.

Nikapiga makofi, nikapiga mluzi, nikamrushia kofia yangu. Akasogea upande wa pili wa bati na akakaa huko, amejikunyata, macho nusu yamefumba kama mzee baada ya pilau. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama hiyo ndiyo michezo ya Kituruki, kwa sababu kuku wake pia anaijua.

Niliweka ngazi, nikapanda mwenyewe, nikamkamata. Hata hakukimbia. Nikamshika chini ya shingo, na hapo nikaelewa. Kifuko chake cha chakula kilikuwa kimejaa, kigumu kama ngumi.

"Raissa! Nani amemupa Sultani chakula?"

"Mi."

"Umemupa nini?"

"Muchele kidogo ya jana. Na maharagi. Alikuwa ananiangalia, Baba Nadia. Leo bibi harusi anafika na bwana harusi iko na njaa? Hapana, vraiment, kweli ni haya."

"Nimekuambia mara ngapi? Njiwa ya kupinduka inaruka na njaa! Ikishiba inakaa!"

"Na weye ukishiba unakaa. Mi nilikuambiaka kitu?"

Gervasi akakohoa kwenye soda yake. Nilijua anacheka, na sikumlaumu, lakini nilitaka ardhi inimeze. Mwaka mzima ninatafuta jike, jike amefika mpaka uani kwangu, na dume ameshindwa kuinuka kwa sababu ya maharage.

"Nitakaa mpaka kesho asubuhi," akasema Gervasi. "Asipewe kitu chochote. Asubuhi tunamrusha mara moja, halafu ninaondoka. Gari likijaa halinisubiri."

Alilala kwenye kochi la mteja, ambalo lilikuwa halijawekwa hata kitambaa. Kikapu alikiweka karibu na kichwa chake. Raissa nilimwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatakaribia banda, akaapa, ingawa aliniita Hamadi.

Asubuhi jua lilikuwa limetoka na hewa imetulia. Nikafungua banda. Safari hii hakukuwa na watu. Walishacheka jana, wamekwenda kazini. Tulikuwa mimi, Gervasi na Raissa aliyekuwa anafua.

Sultani akatoka, akasimama kizingitini. Akajitikisa. Nikaona kama anaona uzito, nikasema moyoni, maharage hayajaisha.

Kisha akaruka.

Jamani, akapanda! Akapanda wima, mabawa pa, pa, pa, pa, sauti inagonga kuta za mtaa mzima. Akafika juu ya nyaya za umeme, akajibinua mara moja, akapanda tena, akajibinua mara mbili mfululizo bila kupumzika. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni kichwani alisimama. Fundi wa pikipiki kule ng'ambo ya barabara alizima injini aliyokuwa anaijaribu. Raissa aliacha maji yanamwagika, povu limemfika kwenye kiwiko, mdomo wazi.

Gervasi alikuwa amevua kofia.

"Angalia," alikuwa ananong'ona. "Angalia, angalia. Usta angelia."

Mimi nilikuwa nalia tayari. Naandika hivyo bila aibu, na yule wa Buraza acheke akitaka.

Sultani akaanza kushuka. Alishuka anajiviringisha, mzunguko juu ya mzunguko, hata sikuweza kutofautisha kichwa na mkia. Kwa kawaida hujinyoosha akifika usawa wa mabati, akaingia bandani taratibu. Safari hii alichelewa kujinyoosha. Nikasikia pu! kwenye bati la jirani, kisha mkwaruzo wa kuteleza, kisha kimya upande wa pili wa ukuta.

"Ameanguka kwa Mzee Uthmani," akasema Raissa.

Sikuogopa. Nilijua takla akikosea kutua hubaki anapinduka chini kidogo kwa kizunguzungu, halafu anasimama, anajikung'uta. Na Mzee Uthmani ni mtu mwema. Ndiye anayechinjia mtaa mzima. Mjane mwenye kuku, msafiri mwenye mbuzi, wote wanampelekea, anachinja kwa sheria, anakataa malipo. Kisu chake kiko kwenye dirisha la jikoni, kimenolewa saa zote.

Ndiyo. Kisu kimenolewa saa zote.

"Hamadi!" sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, yenye furaha. "Hamadi weye! Shukuru Mungu! Nimeiwahi!"

Sikumbuki nilivyozunguka ukuta. Nakumbuka tu nikiwa mlangoni mwake, na yeye amesimama uani, kanzu ameipandisha kwa mkono mmoja isichafuke. Kisu kiko chini kwenye jiwe. Sultani yuko mkononi mwake, na shingo ya Sultani inaning'inia.

"Mzee," nikasema. "Mzee, umefanya nini?"

"Njiwa yako ilikuwa inakufa, mwanangu! Imeanguka pa bati, ikakuja hapa chini, ikaanza kupinduka-pinduka, macho nyeupe, sawa mutu wa kifafa. Mi nikasema, hii ikikata roho mbele ya kisu kufika inakuwa kibudu. Na Hamadi ni jirani yangu, hawezi kula kibudu. Nikakimbia, nikashika kisu, bismillahi, nikaiwahi. Ilikuwa imebakia kidogo tu!"

Alikuwa anahema. Mzee wa umri ule alikimbia kweli kweli, kwa ajili yangu, na alikuwa anasubiri asante.

"Haikuwa inakufa! Ilikuwa inacheza! Mzee, si unajua njiwa yangu inapindukaka?"

"Inapinduka kule juu, ego, ndiyo, najua. Naiona kila siku. Kule juu ni mchezo." Akanionyesha ardhi. "Hapa chini ni kufa."

Niambieni, ningemjibu nini? Angekuwa mwizi ningemshika kanzu. Angekuwa mlevi ningemtukana. Mtu aliyekimbia na miguu yake mibovu ili nyama yangu isiwe haramu, unamfanya nini? Nilizunguka ua wake kama kichaa, nikapiga teke ndoo, ndoo ilikuwa imejaa mawe, nikaumia kidole. Hata hasira yangu ilinirudia mwenyewe.

Gervasi alikuwa ameingia nyuma yangu, kikapu mkononi. Alimtazama Sultani, akafanya ishara ya msalaba, kisha akakumbuka yuko kwa nani, akaomba radhi.

"Hapana shida, baba," akasema Mzee Uthmani. "Kila mutu na yake."

"Nimemwona, bwana Hamadi," Gervasi akaniambia. "Alipinduka kuliko wote niliowahi kuwaona. Neno langu ningelitimiza."

"Basi utimize! Uniache jike!"

"Nikuachie akae na nani? Jike peke yake ni ndege wa kutazama tu. Na samahani sana, lakini siku akianguka upande huu wa ukuta?" Hakumtazama mzee alipokuwa anasema hivyo. "Ninarudi naye. Nitampelekea yule wa Ngozi."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na haki isipokuwa mimi.

"Bon, msilie tu hapa, nyama itaharibika," akasema Mzee Uthmani kwa upole. "Acha nikutoshee matumbo."

"Yatatosha nini?" akauliza Gervasi, ambaye Kiswahili chake ni cha Tanzania.

"Anataka kuyatoa," nikamjibu kwa ukali. "Kwetu kutosha ni kutoa."

Mzee alikwisha chuchumaa. Mke wa mwanawe alikuwa ameleta sufuria ya maji ya moto ya kunyonyolea, ikatulizwa kando. Kisu kikapita mara moja. Vidole vya mzee vikaingia, vikatafuta, vikasimama.

"Hamadi."

"Nini tena?"

"Hii Sultani yako iko na yai."

Nilidhani ananifariji kwa utani. Akatoa mkono. Katikati ya kiganja, limelowa damu kidogo, palikuwa na yai jeupe, zima, lenye ganda gumu.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti kama ya mtu anayebanwa na pumu. Raissa, aliyekuwa ametufuata, alikuwa ameegemea ukuta, anateleza taratibu kwenda chini.

"Mana yanje, Mungu wangu! Sultani ni mwanamuke! Baba Nadia, mwaka yote unatafutia mwanamuke bibi!"

Alicheka mpaka machozi. Mzee Uthmani alijaribu kujizuia, akashindwa, akaficha uso kwenye bega lake. Hata mke wa mwanawe akageuka. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Nikamkumbuka yule wa kijivu wa msikitini, ninavyomwamkia kwa mawe kila siku ya Mungu. Maskini. Kumbe alikuwa anakuja kwa mke wake.

"Ndiyo maana jana alikataa kuruka," akasema Gervasi. Yeye peke yake hakucheka. "Mwili ulikuwa mzito. Hili lingetoka leo jioni."

"Kwa hiyo haikuwa maharagi yangu!" akasema Raissa kutoka chini. "Unisikie, Hamadi? Utaniomba musamaha."

Gervasi alikuwa anawaza, naona midomo yake inacheza.

"Yule wa kijivu, anakuja tangu lini?"

"Wiki mbili sasa. Kila siku."

"Na wewe unakuwepo kila saa kumpiga mawe?"

"Ndugu, mi niko na kazi. Nikiingia ndani kupiga misumari, sijue wanafanya nini."

"Basi yai hili lina mbegu."

Nilichelewa kumwelewa. Mzee Uthmani hakuelewa kabisa. Alikuwa ameshampa yai mke wa mwanawe.

"Mama, utie na hii mu maji. Yai ya mu tumbo ni halali pia, mama yake imechinjwa vizuri."

"Usitie!"

Tulipiga kelele pamoja, mimi na Gervasi. Yule dada wa watu aliruka. Yai likateleza vidoleni mwake, na nikajitupa, mtu mzima, magoti yakagonga mawe, nikalidaka juu ya mvuke wa sufuria.

Lilikuwa na joto. Joto lake mwenyewe, la Sultani.

"Lina joto," nikasema.

"Usta aliwahi kufanya hivi," Gervasi akasema haraka. "Mwewe alimpasua jike, yeye akalitoa yai, akamwekea njiwa mwingine aliyekuwa anaatamia. Likaanguliwa. Nililiona kinda mimi mwenyewe."

"Tuwekee jike wako!"

"Huyu hajataga, hawezi kuatamia. Atalipiga teke tu. Anatakiwa njiwa aliyelala kwenye mayai sasa hivi. Leo. Kabla halijapoa."

Nikamtazama Raissa. Sikutegemea kitu kwake, naungama. Lakini alikuwa ameacha kucheka, amesimama, anajifuta macho na kanga.

"Mwalimu Imelda," akasema. "Kule Mushasha, karibu na kanisa. Anafugaka njiwa za kula. Juzi nilimufikia, moja iko inalala pa mayai pale jikoni, mu kitunga. Alinikataza kupita karibu."

Mzee Uthmani alikuwa ananitazama mimi, kisha yai, kisha damu iliyo kwenye kanzu yake.

"Mwanangu," akasema pole pole. "Mi nilifikiri nakuokolea kitu."

"Najua, Mzee."

"Sasa utalibeba namna gani? Mu mfuko litavunjika. Mu mkono litapoa."

"Kwapani," akasema Gervasi. "Usta alilibeba kwapani. Bana, lakini usibane."

Bana lakini usibane! Nikafungua shati, nikaliweka kwapa la kushoto, nikashusha mkono kama mtu anayeficha chupa. Gervasi akanifunga kanga ya Raissa begani ili mkono usicheze.

"Sikiliza, bwana Hamadi," akaniambia tukiwa tunatoka. "Huyu wa kijivu ni wa kienyeji. Kinda litakuwa nusu tu, na nusu wengine hawapinduki kabisa. Lakini likianguliwa, na likapanda, utakuja Muyinga uchague mwenzake bandani kwangu, dume au jike. Wa Ngozi atangoja."

"Na gari yako?"

"Liende. Nataka nilione linaingia chini ya njiwa."

Ningemkumbatia, lakini kwa mkono gani?

Pikipiki hazikuwepo, zote ziko kwenye foleni ya mafuta. Tukachukua baiskeli mbili za kubeba watu. Mimi mbele, Gervasi nyuma na kikapu chake. Nikamwambia dereva wangu aende haraka ila asiruke mashimo.

"Patron, nichague moja," akasema.

"Uende pole basi. Hapana, haraka. Uende!"

"Mukono umevunjika?"

"Endesha, sha!"

Nilikaa pale nyuma nimeshika kiti kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto umeganda. Kila jiwe nililisikia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nasikia yai lile kwenye ngozi yangu, duara lake, uzito wake mdogo, na nilikuwa nasema nalo kimoyomoyo maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Raissa anasoma gazeti hili.

Tulifika penye stesheni ya mafuta. Foleni ilikuwa imemwagika mpaka katikati ya barabara, madereva wamekaa juu ya boneti, wanagombana nani amekuja kabla ya nani. Mara mlango wa gari moja ukafunguka mbele yetu. Dereva wangu akapiga breki, baiskeli ikainama, mimi nikarushwa mbele kwenye mgongo wake, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile ambacho mwili wa mtu anayeanguka hufanya. Ukabana.

Hatukuanguka. Dereva akatukana kwa Kirundi, akanyoosha usukani, tukaendelea. Paa la kanisa la Mushasha lilikuwa limeanza kuonekana.

"Bwana Hamadi!" Gervasi aliita nyuma yangu. "Lipo?"

Ubavuni mwangu, chini ya shati, kulikuwa na majimaji ya vuguvugu yanateremka taratibu kuelekea kiunoni.

"Lipo," nikamjibu bila kugeuka. "Hii ni jasho tu."